Kinanda na Koo la Mwimbaji: Uhakiki wa Ulinganisho wa Sauti, kwa Mfano wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Katika maandishi ya watunzi wa muziki wa Ulaya na Marekani pana dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba kuiacha ngazi ya sauti kumi na mbili za piano ni uvumbuzi wa karne ya ishirini. Hutajwa Harry Partch, Mmarekani aliyetoa mwaka 1949 kitabu kiitwacho Genesis of a Music, akaigawa oktava katika sauti 43, na akajiundia ala za kuzipiga sauti hizo. Hutajwa pia La Monte Young, ambaye kuanzia mwaka 1964 alizilegeza na kuzikaza upya nyuzi za piano yake ili zifuate hesabu ya milio ya asili. Sina nia ya kuwapunguzia sifa watu hawa. Lakini dai lenyewe likisomwa na mtu aijuaye kusini ya Tanzania, hasa milima ya Umatengo na mwambao wa Ziwa Nyasa tangu Lituhi mpaka Liuli na Mbamba Bay, humjia kama habari ya mtu aliyeshangilia kugundua maji hali amesimama ufukoni.

Liko na dai la pili, kinyume cha hilo, nalo hupendwa na wataalamu wa upande wetu: kwamba muziki wa Mwafrika una ngazi yake thabiti, ambayo yaweza kupimwa, kuandikwa kwa tarakimu, na kukabidhiwa mtunzi kama vile fundi akabidhiwavyo futi ya kupimia mbao. Makala haya yanakusudia kuyapima madai yote mawili. Nathubutu kusema tangu mwanzo kwamba yote yanashiriki kosa moja, nalo ni kudhani kuwa ulinganisho wa sauti ni mali ya ala. Mwambao wa Nyasa unafundisha vingine.

Kwanza niseme neno juu ya istilahi. Neno mizani lingefaa sana, ila limekwisha kushikwa na washairi, na msomaji wa jarida kama hili akiona mizani huanza kuhesabu silabi. Wanakwaya wetu husema kutyuni, neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili, nalo latosha katika mazoezi ya jioni lakini halizai nomino nzuri. Hapa nitatumia ulinganisho, kutokana na kulinganisha: kazi ya kuziweka sauti mbili au zaidi zikubaliane. Faida ya neno hili ni kwamba limetokana na kitenzi cha kutendesha, na hivyo halimwachi msomaji asahau kuwa yuko mtu anayelinganisha.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue hatua moja tu ya sauti, ile inayojulikana na kila mwanakwaya wa Tanzania, kutoka do hadi mi. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis aliigawa oktava katika sehemu 1200 akaziita senti, wala hazina uhusiano na zile za shilingi. Katika piano, na katika kila kinanda cha umeme kitokacho dukani, do na mi zimeachana kwa senti 400 kamili. Katika milio ya asili, yaani ile milio midogo inayokaa ndani ya kila mlio kwa kuzidisha mtetemo wake mara mbili, tatu, nne na kuendelea, mlio wa nne na wa tano huachana kwa senti 386. Ndivyo zilivyo sauti za Wagogo wa Dodoma. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyesafiri sana kusini na katikati ya Tanzania tangu miaka ya mwisho ya 1950, alionyesha kwamba sauti zao zimejengwa juu ya milio ya asili tangu wa nne hadi wa tisa. Kwa Wachopi wa Msumbiji, ambao Hugh Tracey aliandika juu ya marimba zao mwaka 1948, oktava imegawanywa katika hatua saba zilizokaribia kuwa sawa, hivyo do na mi huachana kwa senti kama 343: si huzuni wala si furaha kwa sikio lililozoea piano. Kwa Waganda, kama alivyopima Klaus Wachsmann katika kinubi mwaka 1950, hatua ni tano za senti kama 240 kila moja, na hapo swali la do na mi halina hata mahali pa kukaa.

Sasa tuje Nyasa. Ngoma iliyojulikana kuliko zote katika mwambao huo, upande wa Tanzania na upande wa Malawi pia, ni mganda. Ilienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuiga gwaride na bendi za askari: mistari ya wanaume, mavazi meupe, vyeo vya kijeshi, ngoma kubwa mfano wa ngoma ya bendi, na malipenga. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, ameiweka mganda katika ukoo mmoja na beni ya pwani, na wanahistoria wamelishughulikia sana jambo hilo la mavazi na vyeo. Wamelishughulikia hata wakasahau kusikiliza.

Lipenga la mganda si tarumbeta, ingawa jina lake lataka tuamini hivyo. Ni kibuyu kilichotobolewa, na juu ya tundu moja umebandikwa utando mwembamba, aghalabu ule wa nyumba ya mayai ya buibui, au karatasi laini badala yake. Mchezaji hapulizi, huimba ndani ya kibuyu, na utando huvumisha sauti yake mpaka ikafanana na ya shaba. Maana yake ni kubwa kwa hoja yetu. Fundi wa filimbi hutoboa matundu, na kwa kutoboa huko amekwisha kuamua sauti zote zitakazotoka. Fundi wa marimba huchonga ubao mpaka uridhishe sikio lake, na mpigaji hana la kubadili. Lakini fundi wa lipenga hakuamua kitu juu ya ngazi ya sauti. Kibuyu kikubwa chapenda sauti nzito na kidogo chapenda sauti nyembamba, basi. Yote mengine yamo kooni mwa mchezaji, na koo hilo husikiliza makoo ya jirani zake mstarini. Ndivyo ilivyo pia katika kioda, ngoma ya wanawake wa mwambao huo huo: hapana chombo kinachowaamuru wapande wapi na washuke wapi, ila ngoma na sauti zao.

Yuko atakayesema kwamba mganda, kwa kuwa imeiga bendi ya askari, imeiga na ngazi ya Kizungu, na kwa hiyo haiwezi kuwa shahidi. Hoja hii ni nyepesi. Tarumbeta ya askari haikuwa na vitufe. Ilikuwa bomba moja tupu, na bomba tupu haliwezi kutoa ila milio ya asili. Do, mi na so za tarumbeta hiyo ni milio ya nne, ya tano na ya sita, na mi yake iko senti 386 juu ya do, si 400. Kwa hiyo chombo cha Kizungu kilichoigwa katika Ziwa Nyasa kilikuwa mojawapo ya vyombo vichache vya Kizungu ambavyo piano haikupata kuvitawala. Sidai kwamba waimbaji wa malipenga walirithi hesabu ya tarumbeta; nasema tu kwamba anayetaka kuona ndani ya mganda ushahidi wa ngazi ya piano hana pa kuuokota.

Hapa yafaa nimkumbuke A. M. Jones, kwa kuwa kisa chake kinaonyesha vizuri lile dai la pili na hatari yake. Jones alikuwa padre wa misheni ya Universities' Mission, ile ile iliyojenga kanisa kuu katika kisiwa cha Likoma na kituo cha Liuli. Yeye mwenyewe alifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, na mwaka 1945 aliandika makala juu ya mganda ambayo mpaka leo ni ya kusomwa, maana aliisikiliza ngoma kama muziki na hakuitazama kama kioja tu. Lakini mwaka 1964 mtu huyo huyo alitoa kitabu kizima cha kuthibitisha, kwa kulinganisha tarakimu za marimba, kwamba ngazi za sauti za Afrika zililetwa na mabaharia wa Indonesia. Tarakimu zake zilikuwa nyingi na safi. Kasoro yake ni kwamba zilitoka katika vyombo, na vyombo vikashuhudia juu ya watu. Marimba iliyopimwa leo imekaushwa na jua la jana. Ubao hupasuka, nta hudondoka. Tarakimu yasema ubao umefika wapi, haisemi fundi alikuwa akielekea wapi. Jones aliyeusikiliza mganda angaliweza kumwonya Jones aliyehesabu marimba.

Watunzi wa siku zetu wamefanyaje na urithi huu? Nitachukua watu wawili ambao kazi zao zimo katika sahani moja, Pieces of Africa, iliyotolewa na Kronos Quartet mwaka 1992. Wa kwanza ni Kevin Volans wa Afrika ya Kusini. Tungo lake White Man Sleeps lilitungwa kwanza mwaka 1982 kwa hapsikodi mbili, viola da gamba na ala za kugonga, na zile hapsikodi zilikazwa nyuzi upya ili zikaribie ulinganisho wa Kiafrika. Miongoni mwa chemchemi zake ni ngoma ya filimbi za nyanga ya Wanyungwe wa bonde la Zambezi. Mwaka 1986 alilipanga upya kwa violini mbili, viola na selo, katika ulinganisho wa kawaida wa Kizungu, na ni katika vazi hilo la pili ndipo lilipopata kujulikana ulimwenguni. Mapigo yamebaki, mapokezano ya sauti yamebaki, uzuri haukukosekana. Kilichoachwa ni kitu kile kile kilicholifanya tungo la kwanza kuwa na sababu ya kutungwa. Hili ndilo jambo la kushangaza katika sifa lililopata: limesifiwa kwa Uafrika wake baada ya kuvuliwa sehemu ya Uafrika huo iliyokuwa ngumu kuibeba.

Wa pili ni Justinian Tamusuza wa Uganda, na tungo lake la mwaka 1988, Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani Katika Njia ya Msalaba. Yeye ameandika tangu mwanzo kwa violini, na nota za kuandikwa haziwezi kuonyesha hatua ya senti 240 ya Kiganda. Kwa karatasi basi ameshindwa kuliko Volans wa mwaka 1982. Lakini violini haina vitufe. Kidole chateleza juu ya uzi, na sikio ndilo linalokiambia pa kusimama. Mpigaji aliyekaa na Waganda ataisoma nota ile ile na kuisogeza. Kwa maoni yangu Tamusuza amekaribia zaidi njia ya malipenga, ingawa hakuwa na Nyasa akilini: ameandika mwelekeo wa sauti, na ukomo wake ameuachia mwili wa mpigaji. Wapigaji wasipoujua mwendo huo, tungo lake hurudi kuwa la Kizungu pasipo mtunzi kuwa na la kufanya. Hatari hiyo ni ya kweli, nami sioni kitabu cha nota kitakachoiondoa.

Turudi Ruvuma, ambako swali hili lilifikiriwa mapema kuliko wengi wajuavyo. Padre Stephen Mbunga, wa upande wa Peramiho, alitoa mwaka 1963 kitabu Church Law and Bantu Music, akichunguza amri za Kanisa juu ya muziki mtakatifu na namna zinavyoweza kupatana na muziki wa Wabantu. Desemba ya mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa mkataba wake juu ya liturujia, ambao kifungu chake cha 119 kinataka muziki wa mataifa ya misheni upewe heshima na nafasi yake. Mbunga hakuishia katika sheria. Alitunga pia misa ijulikanayo kwa jina la Baba Yetu. Kazi yake ni ya kuheshimiwa, na wakati wake ulikuwa wakati wa ushujaa, maana kwa Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 muziki wa ibada ulikuwa wimbo wa Kigregori na nyimbo za Kijerumani.

Na wimbo wa Kigregori, tukiutazama vizuri, ni zao la karne zilizotangulia piano, nao huimbwa kwa koo tupu. Mwimbaji wa Peramiho aliyefundishwa wimbo huo bila kinanda hakulazimishwa kuacha sikio lake mlangoni mwa kanisa. Mlazimishaji alikuja baadaye, akiwa na kinanda cha kukanyaga.

Hapa wanaisimu watasema: lugha yenyewe italinda sauti. Kimatengo, Kingoni, Kimanda na Kimpoto, ambazo Malcolm Guthrie aliziweka katika kundi la N10, ni lugha za karibu. Na Kimatengo, kama ilivyochunguzwa na Nobuko Yoneda wa Japani, ni lugha ya toni. Mtunzi atakayepandisha sauti mahali ambapo neno lataka kushuka amelijeruhi neno. Hoja hii ni ya kweli kwa nusu. Toni humwambia mtunzi panda, au humwambia shuka. Haimwambii panda senti 386 au panda 343. Nyimbo za Kimatengo zikiimbwa kwa kinanda cha duka zaweza kushika toni zote barabara, na ulinganisho ukawa umekwisha kubadilika pasipo mtu kujeruhiwa neno hata moja. Lugha hulinda mwelekeo, hailindi kipimo. Na Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya kwaya nyingi leo, hakina toni ya kutenga maneno. Kina mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tu, na mtunzi akiuheshimu mkazo huo katika Baba na katika Yetu, amelipa deni lote analodaiwa na lugha. Kwa hiyo, Kiswahili kilipochukua nafasi ya lugha za nyumbani katika vitabu vya nyimbo, mtunzi alipewa uhuru ambao hakuutumia: angaliweza kufuata sikio la mwambao bila kizuizi cha neno, naye akafuata kinanda.

Lawama mara nyingi hutupiwa solfa, zile herufi za d, r, m, f ambazo kwaya zetu husoma. Husemwa kwamba ni kongwa la Kizungu. Historia haikubali. Solfa hii ilianzishwa na Sarah Glover wa Norwich na kuenezwa na mchungaji John Curwen katika karne ya kumi na tisa ili kuwafundisha watu wasio na piano, na walimu wake walishikilia kuwa sauti ya mwimbaji isifungwe na ulinganisho wa vitufe. Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyeandika mwaka 1863 kitabu kikuu juu ya hisia za sauti, aliwasikia waimbaji wa solfa London akawasifu kwa usafi wa ulinganisho wao, ambao aliuona umeipita piano. Mtafsiri wa Helmholtz kwa Kiingereza, mwaka 1875, ndiye yule Ellis wa senti. Basi herufi m iliyoandikwa kwa chaki ubaoni Litembo au Lituhi haina ndani yake senti 400. Yasema tu: hii ni mi, itafute kutoka do yako. Kwa ajabu ya historia, mwanakwaya wa Mbinga anashika mkononi maandiko yaliyobuniwa dhidi ya kinanda, kisha anayaimba kwa kukifuata kinanda.

Wala kinanda cha umeme chenyewe hakistahili kuchomwa moto. Vingi vya siku hizi vina njia ya kupandisha au kushusha kila moja ya sauti kumi na mbili kwa senti kadhaa. Watengenezaji waliiweka njia hiyo hasa kwa ajili ya wanunuzi wa nchi za Kiarabu na Uturuki, ambao hawangekubali chombo kisichoweza kutoa robo za sauti. Wateja wa Kusini mwa Tanzania hawakudai, na kitufe hicho hukaa bila kuguswa. Mwaka 1989 Simha Arom alikwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati na kinanda cha Yamaha kilichopangwa kwa mfano wa marimba, akawaacha wapigaji wenyewe wakiseti sauti mpaka waridhike. Jambo lililojitokeza lilikuwa zaidi ya tarakimu: rangi ya mlio haikutengana na ulinganisho, na ngazi iliyokubalika kwa mlio mmoja haikuwa lazima ikubalike kwa mwingine.

Hilo latuturudisha kwenye utando wa buibui. Mvumo wa lipenga huinenepesha sauti. Kingo za sauti hupoteza ukali wake, na makoo mawili yaliyoachana kwa senti chache huonekana kuwa yamekutana. Mtunzi atakayeshusha mi ya kinanda chake kwa senti 14, akadhani amekwisha kuleta Nyasa kanisani, ameleta tarakimu peke yake. Angefanya vema zaidi kukinyamazisha kinanda katika kiitikio na kusikiliza kwaya inasimama wapi, kisha kukifungua tena na kuona ni nani aliyesogea. Na kama anataka malipenga yenyewe yawemo katika misa, kazi ya kwanza ni ya maandishi: solfa ina alama za urefu wa sauti, na pumziko huonyeshwa kwa nafasi iliyoachwa tupu, lakini alama ya mvumo haimo, na itambidi aibuni.